Stourhead: Bustani Iliyokosa Mrithi Ikarithiwa na Wengi

Katika jimbo la Wiltshire, kusini-magharibi ya Uingereza, karibu na kijiji cha Stourton, liko shamba kubwa liitwalo Stourhead, kwa kuwa mto Stour huanza huko. Kila mwaka watu maelfu, akina baba na akina mama pamoja na watoto wao, hufika kutazama nyumba ya kale na bustani iliyolizunguka ziwa. Uzuri wake huonekana na kila mtu. Lakini habari ya jinsi ilivyofika mikononi mwa watu wote yastahili kujulikana na kila mzazi mwenye ardhi.

Wenye shamba hilo walikuwa ukoo wa Hoare, watu wa benki. Richard Hoare alianzisha benki mjini London mwaka 1672, nayo ingali mali ya ukoo huo hata leo. Mwanawe Henry alilinunua shamba mwaka 1717, akaagiza nyumba mpya ijengwe kwa ramani ya Colen Campbell, mjuzi mashuhuri wa majengo. Henry alifariki mwaka 1725, na mwanawe, aliyeitwa Henry kama babaye, ndiye aliyeitengeneza bustani.

Msomaji asidhani ya kuwa ziwa lile ni la asili. Palikuwa na bonde lenye chemchemi na madimbwi. Katika miaka ya 1750 Bwana Henry alijenga ukuta wa udongo kuyazuia maji, bonde likajaa. Kandokando yake akajenga daraja la mawe, pango, na mahekalu mfano wa yale ya Warumi wa kale, na katika miteremko akapanda miti. Kazi hiyo aliishughulikia kwa muda wa miaka 40 hivi. Mjukuu wake, Richard Colt Hoare, akaongeza miti ya kigeni, mingine yenye asili ya Marekani.

Mgeni asimamaye penye nyumba halioni ziwa. Sharti ashuke kwa miguu. Njia hulizunguka ziwa kwa mwendo wa zaidi ya maili moja, na kila inapopinda hekalu jingine hutokea ng'ambo ya maji. Watoto hupenda zaidi pango. Ndani yake mna giza na mvumo wa maji ya chemchemi, na sanamu nyeupe ya mwanamke aliyelala. Kisha wazazi huwatoa nje kwenye mwanga, mpaka kwenye hekalu kubwa kuliko yote, liitwalo Pantheon.

Mwaka 1894 mali hiyo ilimwangukia Sir Henry Hoare na mkewe, Alda. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa miaka mingi, nao wakaifufua. Mwaka 1902 moto uliteketeza sehemu yake ya katikati. Picha na vyombo vingi vya chini viliokolewa, na nyumba ikajengwa tena. Tumaini lao lilikuwa mwana wao wa pekee, Harry, aliyekwisha anza kuliangalia shamba. Lakini Vita Kuu ilipotokea akaenda vitani. Alijeruhiwa Palestina, akafa huko Alexandria, Misri, mwezi wa Desemba mwaka 1917.

Wazee wale waliishi miaka karibu 30 baada ya msiba huo, wakiitunza bustani ambayo mwana wao hangeirithi. Hawakuiuza kwa vipande, wala hawakuiacha iharibike. Mwaka 1946 waliitoa nyumba, bustani na sehemu kubwa ya shamba kwa National Trust, chama kilichoanzishwa mwaka 1895 kulinda mahali penye sifa kwa faida ya watu wote. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Machi, mume na mke wakafariki siku moja.

Watu wengi huona ya kuwa ardhi isiyo na mrithi ni ardhi iliyopotea. Huko Stourhead haikuwa hivyo. Miti iliyopandwa na mababu inapozeeka na kuanguka, watunzaji hupanda mingine mahali pake, na watoto wa watu wasiojuana hucheza chini ya kivuli chake.