Gari Kuchemsha (Sehemu ya Tatu): Dereva Aonyeshwe Nyuzi, Siyo Taa

Kila msimu wa safari za mwisho wa mwaka, habari za magari yaliyokwama milimani hurudi magazetini, na picha ni zile zile: boneti liko juu, mvuke unafuka, abiria wamekaa ukingoni mwa barabara na mizigo yao. Lawama huangushiwa mlima wa Kitonga, au uzito wa shehena, au uzee wa gari. Wasomaji waliofuatana nami katika sehemu mbili zilizopita wanajua tayari kazi ya rejeta, wota pampu na thamostati, kwa hiyo sitarudi huko. Ninachodai leo ni kwamba injini nyingi huuawa na mambo mawili yanayozuilika: upepo uliobaki ndani ya mfumo baada ya fundi kumwaga na kujaza maji kwa haraka, na dashibodi isiyomwambia dereva joto limefika wapi mpaka hedi imekwisha kupinda.

Waasisi wa gari hawakuwa wavivu wa kufikiri juu ya jambo hili. Karl Benz alipopata hataza yake Januari 1886, injini yake ilipozwa kwa maji yaliyoachwa yageuke mvuke na kupotea, ndiyo maana mkewe Bertha, alipoliendesha gari hilo kutoka Mannheim hadi Pforzheim mwaka 1888, alilazimika kutafuta maji njiani mara kwa mara. Mwishoni mwa mwaka 1900 Wilhelm Maybach alilipa gari la Mercedes rejeta ya vijibomba vidogo zaidi ya 8,000 vilivyopangwa kama sega la nyuki, na kiasi cha maji kilichohitajika kikapungua sana. Ford Model T ya mwaka 1908, baada ya magari ya mwanzo, iliacha kabisa pampu: maji ya moto yalipanda yenyewe na ya baridi yakashuka, ilimradi yafike kwenye mpira wa juu. Yakipungua chini ya hapo, mzunguko ulikatika. Kisha akaja Mmarekani Harrison Boyce, aliyepata hataza mwaka 1912 ya kipimajoto kilichofungwa juu ya kifuniko cha rejeta, mbele ya macho ya dereva. Hekima yake ilikuwa kwamba kipimajoto kile kilisoma joto la mvuke ulio juu ya maji, si maji yenyewe, kwa hiyo kiliweza kuonya hata pale maji yalipopungua. Zaidi ya miaka 100 imepita, na magari mengi madogo tunayoyaagiza leo yana taa mbili tu, ya buluu ya ubaridi na nyekundu ya hatari. Hilo silioni kuwa maendeleo.

Wapo watakaosema kwamba magari mengine bado yana mshale, na kwamba watengenezaji wanajua wanachofanya. Wanajua, na walichofanya kwa makusudi ni kuutuliza. Katika magari mengi ya kisasa mshale husimama katikati hata joto likitoka nyuzi 80 hadi karibu 100, ili mteja asihangaike. Ukianza kupanda, muda wa kujiokoa umebaki mfupi. Kwetu nyanda za juu jambo hili ni zito zaidi. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Injini nyingi hufanya kazi katika joto hilo hilo. Kinachozuia maji yasichemke ni shinikizo linalotunzwa na kifuniko kizima pamoja na kulanti sahihi, na kifuniko kikilegea, mshale uliotulizwa hautasema lolote. Tena hedi za leo ni za aluminiamu, ambayo hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu, na gasketi ndiyo inayolipa.

Kuhusu kutoa upepo: injini iwe imepoa kabisa, pua ya gari ielekee juu, hita iwekwe kwenye moto wa mwisho, skrubu ya kutolea upepo ifunguliwe kama ipo, na kulanti imiminwe polepole. Kisha injini iungurume bila kukanyagwa mafuta hadi thamostati ifunguke, kwa kawaida kati ya nyuzi 82 na 88, mapovu yaishe, mipira ya juu na ya chini yote ipate moto na feni ijiwashe. Kung'oa thamostati ili “gari lipoe” ni kuiharibu injini taratibu, na fundi mwenye dhamana hafanyi hivyo.

Geji yenye namba ifungwe pale maji yanapotoka kwenye hedi, kabla ya thamostati; ikifungwa baada yake itasoma ubaridi wakati injini inaungua. Sensa ya waya mmoja hupata hasi kupitia nyuzi za skrubu yake, kwa hiyo tepu ya kuzibia ikizidi husomesha uongo, na ikikaa kwenye kiungo cha mpira lazima iongezewe waya wa hasi. Hoja nzito ya wapinzani ni kwamba maji yakimwagika yote, sensa hubaki kwenye hewa na geji hushuka badala ya kupanda. Ni kweli, na ndilo tatizo ambalo Boyce alilikwepa. Dawa yake ni sensa ya pili iliyobanwa kwenye chuma cha hedi, au king'ora cha usawa wa maji. Si kukaa gizani. Wanaotaja vifaa vya kusoma kompyuta ya gari wana haki pia, ila wakumbuke kwamba kifaa hicho husoma sensa ile ile ya kiwandani, yenye udhaifu ule ule.

Nawaomba wenye mabasi na magari ya abiria wafunge geji yenye namba kabla ya msimu ujao, na fundi yeyote aliyemwaga kulanti asikabidhi gari mpaka lilale, lipoe, na usawa wa maji ukaguliwe upya asubuhi.