Viatu vya Baiskeli ya Milimani: Dada, Anza na Soli

Wanawake wengi wanaoanza kuendesha baiskeli milimani huvaa raba za kukimbilia, kwa kuwa ndizo zilizopo nyumbani. Haziwafai. Soli ya raba hizo ni sponji nene iliyoundwa kupunguza kishindo mguu unapotua ardhini. Kwenye pedali hakuna kishindo cha namna hiyo, kuna msukumo. Kila unapokanyaga, sponji hubonyea kwanza ndipo nguvu ifike kwenye pedali, na ukipanda vilima vya Ngong kwa muda mrefu unyayo huanza kuwaka moto. Isitoshe, soli yake imepinda mbele na nyuma kama mashua, hivyo hugusa pedali kwa sehemu ndogo tu. Kwenye mteremko wa mawe mguu huchomoka.

Kuna njia mbili za kuepuka hayo. Ya kwanza ni viatu vya kliti. Kliti ni kipande kidogo cha chuma kinachofungwa chini ya soli ili king'atwe na pedali maalumu. Mfumo wa SPD, ambao Shimano ya Japani iliuleta mwaka 1990, ndio uliozoeleka zaidi kwenye baiskeli za milimani. Ni mfumo mzuri, ila unakudai viatu na pedali kwa pamoja, na anayejifunza huanguka akisimama kabla hajauchomoa mguu. Ukivikuta kwenye mitumba, geuza soli uangalie matundu ya skrubu: mawili ni vya SPD, yakiwa matatu pekee ni vya barabara ya lami, viache.

Njia ya pili ni viatu vya soli bapa juu ya pedali pana yenye pini za chuma. Kwa mwenye bajeti ndogo naipendekeza hii bila kusita. Five Ten, iliyoanzia Marekani mwaka 1985 na viatu vya wakwea miamba, ndiyo iliyojipatia jina kwa mpira laini unaonata kwenye pini. Viatu vyake vikiwa vipya, bei si ya kila mtu. Lakini viatu vya wacheza skeiti, kama vile Vans, vina soli bapa ya mpira, na katika masoko ya mitumba kama Gikomba na Toi havikosekani. Chagua vyenye ncha ngumu inayolinda vidole, kwa sababu mawe hayana huruma.

Usiridhike na jina lililoandikwa ubavuni, maana bandia ni nyingi. Bonyeza soli kwa ukucha wa kidole gumba. Mpira mzuri huacha alama ambayo hupotea taratibu. Ukucha ukiteleza kama juu ya plastiki, pini nazo zitateleza. Kisha shika kiatu mbele na nyuma ukikunje. Kikunjike penye vidole. Kikivunjikia katikati, hakitaubeba mguu wako juu ya pedali. Bonyeza pia sponji iliyo juu ya soli. Sponji ya poliurethani huoza kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa, kwa hiyo kiatu kinachong'aa chaweza kumomonyoka siku ya kwanza. Soli iliyobanduka kidogo ukingoni isikutishe: fundi viatu ataibandika na kuishona.

Sasa neno "vya kike". Mara nyingi tofauti huwa ni rangi tu, na sioni sababu ya kulipia rangi. Tofauti yenye maana iko kwenye kisigino: wanawake wengi wana kisigino chembamba kikilinganishwa na upana wa mguu kwa mbele. Kaza kamba, simama kwa vidole. Kisigino kikipanda na kushuka ndani ya kiatu, tafuta kingine. Kikitulia, chukua, hata kama kiatu kilitengenezewa mwanamume.

Kwa saizi, namba za Ulaya hazibagui: 39 ya kike na 39 ya kiume hukaribiana sana kwa urefu. Za Marekani ndizo zinazochanganya, kwani 8 ya kike ni takriban 6.5 ya kiume. Njia ya uhakika ni kuchora mguu wako kwenye karatasi ukiwa umesimama, jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, ukaenda sokoni na karatasi hiyo pamoja na soksi utakazovaa.

Na kama pesa ulizonazo zinatosha kitu kimoja tu, nunua pedali zenye pini kwanza. Viatu vya bei nafuu juu ya pedali nzuri vitakupeleka msitu wa Karura na kukurudisha salama. Viatu ghali juu ya pedali laini ya plastiki vitateleza siku mvua ikinyesha.