Safari ya Maporomoko ya Mto Kongo Iliyopitia Singida

Yakitajwa maporomoko makubwa ya maji barani Afrika, wengi wetu hukumbuka Mosi-oa-Tunya katika mpaka wa Zambia na Zimbabwe, au Kalambo mkoani Rukwa. Ni wachache wanaojua kwamba msafara ulioteremka Mto Kongo kutoka katikati ya bara hadi karibu na Bahari ya Atlantiki, na kuyapita maporomoko yake yote, ulikatiza kwanza nchi ya Wanyaturu na Wanyiramba. Nchi hiyo leo ni Mkoa wa Singida, na sisi wa Nduguti tumo humo. Katika makala haya tunaeleza waliokwenda ni akina nani, yaliyotokea huku kwetu, na sababu ya habari hii kustahili kusimuliwa upya.

Swali lilikuwa maji yanaelekea wapi

David Livingstone alifariki mwaka 1873 akiwa bado anaamini kwamba Mto Lualaba, ulioko mashariki mwa Kongo ya leo, huenda ndio mwanzo wa Naili. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliamua kulimaliza swali hilo. Magazeti mawili, moja la London na jingine la New York, yalitoa fedha, na Novemba 1874 msafara ukaondoka Bagamoyo.

Wazungu walikuwa wanne tu. Waliobaki walikuwa watu wa Unguja na Mrima: wapagazi, askari, wapishi, na pia wanawake waliofuatana na waume zao. Kiongozi wao alikuwa Manwa Sera. Walibeba shanga, nguo, nyaya na risasi, pamoja na mashua iitwayo Lady Alice iliyokatwa vipande ili ibebeke mabegani. Kwa hiyo mashua hiyo ilipita Singida ikiwa juu ya mabega ya watu.

Januari 1875

Baada ya kutoka Ugogo, msafara uliingia katika pori lisilo na chakula, na baadhi ya watu wakafa kwa njaa. Walipofika Ituru, kijana Mwingereza Edward Pocock alikufa kwa homa mahali ambapo Stanley alipaandika kwa jina la Chiwyu. Siku chache baadaye, katika kijiji alichokiita Vinyata, kulizuka ugomvi kati ya wageni na wenyeji, ukageuka kuwa vita vya siku tatu. Kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, zaidi ya watu 20 wa msafara waliuawa. Aliandika pia kwamba watu wake walichoma vijiji na kuchukua nafaka na mifugo.

Hapa yafaa tutulie kidogo. Karibu kila kinachosomwa leo kuhusu vita vile kimetoka katika kalamu ya upande mmoja. Kundi kubwa la watu wenye bunduki limeingia ghafla katika nchi ya wakulima na wafugaji, likiwa na njaa na halijui lugha ya wenyeji. Mwenye mji angelipokeaje? Stanley aliwaita Wanyaturu washenzi waliomshambulia bila sababu, lakini Wanyaturu waliozika watu wao hawakuandika kitabu.

Kutoka hapo msafara uliingia Iramba, kwa mtawala aliyejulikana kwa jina la Mgongo Tembo. Huko haukupigana. Watu walipata chakula na nafasi ya kupumzika, kisha wakaelekea Usukuma. Tarehe 27 Februari 1875 walifika Ziwa Viktoria.

Stanley alifanya kosa jingine katika ukanda huu. Aliona vijito vya Ituru vikielekea kaskazini, akaviunganisha kwenye ramani na Mto Simiyu na kutangaza kwamba amekiona chanzo cha kusini kabisa cha Naili. Wakazi wa Mkalama wanajua maji hayo huenda wapi. Hukusanyika katika mbuga ya Wembere, huingia Ziwa Kitangiri, hutoka kwa Mto Sibiti na kuishia Ziwa Eyasi. Hayafiki bahari yoyote.

Maporomoko

Mwishoni mwa mwaka 1876 msafara uliondoka Nyangwe, kando ya Lualaba, ukisindikizwa na mfanyabiashara Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja. Miezi miwili haikuisha kabla Tippu Tip hajarudi. Waliobaki waliingia katika mashua na mitumbwi wakaufuata mto.

Januari 1877 walifika Boyoma, karibu na ilipo Kisangani leo. Boyoma si ukuta mmoja wa maji kama Mosi-oa-Tunya. Ni maporomoko saba yaliyotawanyika katika umbali wa kilomita zipatazo 100. Hakuna mtumbwi unaopita hapo. Ilibidi watu wafyeke njia msituni kwa shoka, waburute mitumbwi nchi kavu, kisha waiteremshe tena majini, huku wakipigana na wenyeji waliokuwa wakilinda mto wao. Baada ya Boyoma mto ulipinda kuelekea magharibi, na hapo jibu likawa wazi kwamba Lualaba ndiyo Kongo.

Yaliyowamaliza zaidi ni maporomoko ya mwisho, kati ya Kinshasa ya leo na Matadi. Mto mkubwa kuliko yote Afrika kwa wingi wa maji hubanwa hapo kati ya milima. Walitumia takriban miezi mitano kushusha mitumbwi kwa kamba au kuivuta juu ya majabali. Kijana Kalulu alizama huko mwezi Machi, na Frank Pocock, ndugu yake Edward, akazama mwezi Juni. Uledi, nahodha wa Lady Alice, aliokoa wenzake kadhaa kwa kujitosa majini. Safeni, mmoja wa manahodha, alipoambiwa bahari iko karibu akili zilimruka. Alimchukua kasuku wake, akaingia msituni na hakuonekana tena.

Hesabu ya waliorudi

Tarehe 9 Agosti 1877 waliingia Boma, siku 999 tangu kuondoka Zanzibar. Katika kitabu chake Stanley alisema walianza wakiwa 356, ila orodha za msafara zinaonyesha 228. Waliofika walikuwa 114. Mzungu alikuwa amebaki mmoja tu. Manusura walirudishwa Unguja kwa meli kupitia Rasi ya Tumaini Jema, wakafika Novemba 1877.

Miaka minane baadaye, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyemtumia Stanley kufunga mikataba na watawala wa Kongo, alijitwalia nchi hiyo kuwa mali yake binafsi. Yaliyowapata watu wake kwa ajili ya mpira na pembe za ndovu yanajulikana dunia nzima.

Kwa miaka mingi maporomoko ya Boyoma yaliandikwa kwenye ramani kwa jina la Stanley. Uledi, Manwa Sera na Safeni hawakupewa hata kijito. Wala waliokufa Ituru mwaka 1875 hawana alama. Kama kwenu kuna mzee aliyewahi kusimuliwa na wakubwa wake habari za msafara uliopita na mashua mabegani, mketini naye, mmsikilize na muandike. Upande huo wa habari bado haujaandikwa.