Isaya Mukirane, mwalimu aliyedai ufalme kwa ajili ya Wakonzo

Ukitoka Kasugho ukapita Butembo na Beni, kisha ukavuka mpaka wa Kasindi, unafika Mpondwe, nchini Uganda, na unasikia lugha ile ile ya nyumbani. Huku watu wanaitwa Wanande, kule wanaitwa Wakonzo. Mpaka uliwekwa na wakoloni, lakini ukoo ni mmoja.

Utawala ndio uliwatenganisha. Upande wa Kongo, Bamate, Baswagha, Batangi na Bashu walibaki na wami wao. Upande wa Uganda, Waingereza waliwaweka Wakonzo chini ya mfalme wa Toro kwa mkataba wa mwaka 1900. Waliopinga waliadhibiwa vikali: kiongozi wao Nyamutswa alinyongwa mwaka 1921.

Isaya Mukirane alikuwa mwalimu. Katika miaka ya 1950 alimwongoza milimani mwandishi Mwingereza Tom Stacey, na baadaye akachaguliwa kuingia Rukurato, baraza la ufalme wa Toro. Yeye na wenzake, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya, walitaka jambo moja: katiba ya Toro iwatambue Wakonzo na Wamba kuwa sawa na Watoro. Walikataliwa. Machi 1962 wakatoka barazani pamoja, kisha wakakamatwa.

Hapo ndipo njia zao zilipoachana. Kawamara na Mupalya waliendelea kudai wilaya yao wenyewe ndani ya Uganda. Mukirane, alipoachiliwa kwa dhamana, alipanda mlima wa Rwenzori. Tarehe 30 Juni 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, Rwenzururu ilitangazwa kuwa imejitenga na Toro. Baadaye akawa mfalme, yaani Omusinga. Kwake, watu wasio na mfalme wao wataendelea kuwa watumwa wa mfalme wa wengine.

Vita vikaanza. Nyumba zilichomwa, Watoro na Wakonzo wakauana, na jeshi la Uganda likapanda milimani. Huko juu Mukirane alikuwa na serikali yake, iliyotoza kodi na kuamua kesi. Mwaka 1963 serikali ya Milton Obote ilimtuma Stacey, rafiki yake wa zamani, amshawishi ashuke. Mukirane alikataa. Alifariki mlimani mwaka 1966, na mwanawe Charles Mumbere, akiwa bado kijana mdogo, akarithi kiti.

Nani alikuwa na haki? Wilaya ambayo Kawamara na Mupalya waliidai ilipatikana mwaka 1974, wakati wa Idi Amin. Ufalme wa Mukirane ulisubiri zaidi. Mumbere aliweka silaha chini Agosti 1982, akaenda Marekani, ambako alifanya kazi ya kutunza wagonjwa. Serikali ya Uganda ilimtambua rasmi Oktoba 2009. Lakini Novemba 2016 jeshi lilishambulia ikulu yake mjini Kasese. Zaidi ya watu 100 waliuawa naye akakamatwa. Mashtaka dhidi yake yalifutwa mwaka 2023.

Kwetu Beni na Lubero habari hii si ya majirani tu. Amon Bazira, mwanasiasa wa Kasese aliyesaidia mapatano ya 1982, baadaye aliunda kundi la waasi la NALU lililojificha upande wa Zaire. Aliuawa Kenya mwaka 1993. Mabaki ya NALU yaliungana na waasi wengine kutoka Uganda, wenye malengo tofauti kabisa, na muungano huo ndio ulioitwa ADF. Mukirane hakuanzisha ADF, na haifai kumbebesha damu ya Beni.

Lakini maisha yake yanaacha onyo. Mwaka 1962 watu walidai kutajwa tu katika katiba. Waliponyimwa hilo dogo, walidai nchi nzima, na wajukuu bado wanalipa.