Asali ya nyuki wadogo na asali ya nyuki wakubwa: ipi ina nguvu zaidi, na inapimwaje?

Leo tuongee kuhusu swali ninaloulizwa kila nikipita Kilambo, Msimbati au Msangamkuu: "Bwana Ugani, hivi ni kweli asali ya nyuki wadogo ina nguvu kuliko ya wakubwa?" Swali hili linagusa mfuko wako moja kwa moja. Asali ya nyuki wadogo inauzwa bei ya juu, na mteja anayetoa hela nyingi anataka kujua analipia nini.

Nguvu gani hiyo?

Ukikata biringanya ukaliacha, linageuka rangi. Mafuta ya nazi yakikaa sana yanachacha. Yote mawili ni kazi ya oksijeni. Antioksidanti ni vitu vinavyochelewesha uharibifu wa namna hiyo. Kwenye asali vinatoka zaidi kwa mimea: nekta, chavua na utomvu wa miti.

Nyuki wakubwa wanaouma wanahifadhi asali kwenye masega ya nta. Wadogo wasiouma wanafinyanga vijungu kwa nta iliyochanganywa na utomvu, na asali inakaa humo. Hiyo ni sababu mojawapo ya asali yao kuwa na ladha ya pekee na mara nyingi kupata vipimo vizuri. Lakini nyuki wadogo nao si aina moja. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti kuhusu asali za nyuki wasiouma, wakiangalia mchango wa aina ya nyuki na wa uoto. Kwa hiyo asali iliyotoka kwenye mikoko ya maingilio ya Mto Ruvuma na ile ya msimu wa maua ya mikorosho usizihesabu kuwa kitu kimoja, hata kama nyuki ni wale wale.

Maabara wanafanyaje?

Kipimo kinachotumika sana kinaitwa DPPH. Ni kimiminika cha rangi ya zambarau. Wakiweka asali yenye antioksidanti, zambarau inafifia kuelekea njano, na mashine inayosoma rangi inaonyesha imefifia kiasi gani. Kiwango cha asali kinachohitajika kufifisha nusu ndiyo alama yake. Hapa wengi wanachanganya: namba ikiwa ndogo, asali ina nguvu zaidi.

Kipimo kingine ni Folin, kinachokadiria jumla ya fenoli. Hapo rangi inageuka bluu, na bluu ikikolea zaidi ina maana fenoli ni nyingi.

Mitego mitatu

1. *Maji.* Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa asali ya kawaida ni maji yasiyozidi asilimia 20. Ya nyuki wadogo kwa kawaida inapita hapo, hata ikiwa halisi kabisa. Usikubali mteja aseme umechakachua kwa sababu tu ni nyepesi. Na ukilinganisha asali mbili, uliza kiasi cha maji cha kila moja, maana maji yanabadilisha namba.

2. *Sukari.* Kimiminika cha Folin kinaguswa pia na vitamini C na baadhi ya sukari. Namba kubwa ya Folin peke yake haitoshi.

3. *Moto.* Huu ndio mbaya zaidi. Asali ikichemshwa inakuwa nyeusi, na ule weusi wa kuungua unaweza kuongeza namba ya antioksidanti! Ndiyo maana omba na kipimo cha HMF, kitu kinachoongezeka asali ikipata joto au ikikaa muda mrefu. Codex inaruhusu hadi miligramu 80 kwa kilo kwa asali ya nchi za joto.

Sasa wewe ufanye nini?

- Usichanganye asali. Nyuki wadogo ndoo yake, wakubwa ndoo yake, kila msimu ndoo yake. Ukishachanganya, kipimo hakisemi tena habari za mzinga wowote.
- Andika kwenye kila ndoo: aina ya nyuki, kijiji, tarehe ya kurina, na maua yaliyokuwepo.
- Mizinga iliyo karibu na mikorosho inayopuliziwa salfa au dawa, itenge. Usipeleke asali yake pamoja na nyingine.
- Ya nyuki wadogo, nyonya kwa bomba safi la sindano badala ya kukamua kiota kizima. Usikate mti kwa ajili ya kiota kimoja.
- Usichemshe. Chuja, funga vizuri, weka kwenye kivuli au friji. Ya nyuki wadogo inachacha haraka kwa sababu ya maji.
- Mkiwa kikundi, changieni gharama ya kupima sampuli moja ya kila aina. Ongeeni kwanza na afisa nyuki wa halmashauri awaelekeze maabara.

Jambo la mwisho: kufifisha rangi kwenye chupa ya maabara si sawa na kutibu mgonjwa. Usiandike kwenye kopo kwamba inatibu kisukari au presha. Mgonjwa wa kisukari akikuamini akaacha dawa, utakuwa umemuumiza. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali ya aina yoyote.

Andika aina ya nyuki, mahali na tarehe, na ukiwa na cheti cha kipimo kiambatanishe. Hapo mteja akiuliza analipia nini, unamwonyesha.