Sivyo, Bibi!

Hadithi, hadithi!

Najua mmeitikia, hata kama midomo imefungwa. Basi sikilizeni.

Juzi usiku nilikuwa nikimsimulia mjukuu wangu wa miaka 6 ile hadithi ya Sungura aliyekwenda kuiba asali ya Simba juu ya mbuyu. Nimeshamsimulia mara nyingi mno. Mnaijua: Simba anafika chini ya mti, Sungura anafungwa ndani ya majani makavu na kurushwa chini kama takataka, kisha anatoroka. Usiku ule nikaona nibadilishe kidogo, nikamteremsha Sungura kwa kamba. Mtoto aliyekuwa ameshaanza kusinzia akaketi kitako kitandani, macho yamemtoka. "Sivyo, Bibi! Anafungwa kwenye majani!"

Ikabidi nirudi nyuma, nimfunge Sungura kwenye majani yake, ndipo akalala.

Mimi sikulala. Nikawa nawaza kwamba kilio kile nimekisikia sana, na wenye kulia hawakuwa watoto. Nimekisikia kwa wapenzi wa muziki wa roki, watu wazima wenye familia zao, pale wimbo wanaoupenda unapochukuliwa na mwanamuziki mwingine na kuimbwa upya. Vijana wa leo wanaita kava. Wako wanaoshangilia, na wako wanaosema kama mjukuu wangu: sivyo! Nitawaeleza kwa wimbo mmoja, maana wimbo huu una mambo.

Unaitwa "The Sound of Silence". Aliyeutunga ni Paul Simon, kijana wa mtaa wa Queens katika jiji la New York. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa na miaka ishirini na kitu, na alikuwa na desturi moja: anaingia bafuni na gitaa, anazima taa, anafungulia maji yatiririke, anapiga gizani. Vigae vya bafuni huirudisha sauti ikiwa nono kuliko ilivyotoka kinywani. Jaribuni, mtaona. Humo gizani ndimo wimbo ulimozaliwa, nao unahusu watu waliojaa mahali pamoja huku hakuna anayemfikia mwenzake.

Machi 1964 Simon na rafiki yake wa tangu utotoni, Art Garfunkel, waliurekodi katika studio za kampuni ya Columbia. Sauti mbili na gitaa kavu, lile lisilo na umeme. Santuri ikatoka Oktoba mwaka huo, na haikununuliwa. Wakaachana. Garfunkel akarudi chuoni, Simon akaenda Uingereza kuimba kwenye vilabu vidogo.

Sasa shikeni hapa, kwa sababu watu wengi wanaougombania wimbo huu hawapajui. Mtayarishaji wao alikuwa Tom Wilson, Mmarekani Mweusi aliyesoma Harvard, mtu mwenye masikio makali. Aliona kwamba baadhi ya vituo vya redio vimeanza kuucheza ule wimbo uliokufa. Juni 1965, siku zilezile alizokuwa akimrekodi mwimbaji Bob Dylan, aliwaita wapigaji wa kukodi, akachukua mkanda wa zamani wenye zile sauti mbili, akauongezea gitaa la umeme, besi na dramu. Wenye wimbo hawakuulizwa. Hawakuwa na habari. Tena ile kazi ina alama ya mshono: kuna mahali wapigaji wanalegeza mwendo ili wazisubiri sauti, kwa maana Simon na Garfunkel walipokuwa wakiimba hapakuwa na dramu ya kuwaongoza. Simon alipousikia hakupendezwa hata kidogo. Lakini Januari 1966 wimbo huo ulikuwa namba moja Marekani, na marafiki wawili walioachana wakarudiana kwa sababu yake.

Kwa hiyo ule wimbo ambao mamilioni ya watu wanauita wa asili, uliowaingia kupitia redio, ni wimbo ulioshonewa nguo mpya bila mwenyewe kujua. Na msidhani umeme wa gitaa ulikuwa jambo dogo siku zile. Julai 1965, katika tamasha la Newport, Bob Dylan alipanda jukwaani na gitaa la umeme na sehemu ya mashabiki wake wakamzomea. Kwao gitaa kavu lilikuwa ndio ukweli wenyewe, na waya uliochomekwa ukutani ulikuwa usaliti.

Ipite miaka hamsini.

Kule Chicago kuna bendi inayoitwa Disturbed. Ni watu wa roki nzito, ile ya metali, magitaa yanayonguruma na dramu zinazopiga kifuani. Mwimbaji wao, David Draiman, alijulikana kwa sauti ya kukata na kubweka. Mwaka 2015, katika albamu yao Immortalized, wakaurekodi "The Sound of Silence". Waliousubiri mngurumo walishangaa. Unaanza na piano. Draiman anaingia chini kabisa, kwa sauti nzito tulivu, kama mzee anayezungumza na moto wa kuni. Kisha anapanda. Violini zinajaza chumba, ngoma kubwa zinaingia, naye anapanda tena, hadi mwishoni anaimba kwa nguvu zote za kifua kile.

Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika, na hadi leo hawajapatana.

Niwape kwanza hoja ya wanaokataa, maana si ukaidi mtupu. Wanasema: huu ni wimbo wa ukimya. Wale vijana wawili waliuimba karibu kwa kunong'ona, na hofu yake inatoka kwenye huo mnong'ono. Sauti zao zimekaa bega kwa bega, hakuna inayojitutumua, na wewe msikilizaji ndiye unayelazimika kusogeza sikio. Ukiuimba kwa kishindo umeshamfanyia msikilizaji kazi yake, umemwambia hapa lia, hapa simama. Hoja hiyo naiheshimu sana. Mimi mwenyewe, nikiwa peke yangu usiku, ninausikiliza ule wa gitaa kavu wa 1964, hata si ule wa Wilson.

Wanaokubali nao wana lao. Wanasema: fikiri mtu anayejaribu kuwaonya wenzake na hakuna anayegeuka. Ataanza kwa upole. Wasipomsikia atapaza sauti. Mwishoni atapiga kelele. Kwao Draiman hakuuharibu wimbo, ameuigiza. Nilipoyatafakari maneno hayo nikaurudia, safari hii nikiwa nimekaa chini na kufumba macho, na pale sauti yake inapopasuka nilisisimka mwili mzima. Sitalikana hilo kwa sababu tu nina upande wangu.

Mtaniuliza: je, si wizi? Sio. Marekani ina sheria ya tangu 1909 kwamba wimbo ukisharekodiwa na kuuzwa, mwanamuziki mwingine anaweza kuurekodi pia, ilimradi amlipe mtunzi kiwango kilichowekwa. Mtunzi anapata haki yake. Ugomvi wa mashabiki hauhusu fedha.

Unahusu nini, basi? Nitawapeleka nyumbani nilikokulia. Baba yangu alikuwa na wimbo "Malaika" kwa sauti ya Fadhili William, aliyeurekodi Kenya miaka ya sitini. Shangazi yangu alikuwa nao kwa sauti ya Miriam Makeba. Hawa ndugu wawili, waliopendana sana, hawakuweza kuusikiliza wimbo huo pamoja. Baba akisema ule wa Fadhili ni wa kijana mwenyewe asiye na mahari, unamsikia umaskini wake kooni. Shangazi akisema Makeba ameutoa barazani akaupeleka duniani, na sauti ile ingekuwa dhambi kuikataa. Nilikuwa mkubwa ndipo nilipotambua kwamba baba alikuwa akiusikiliza wa Fadhili alipokuwa akimposa mama, na shangazi aliusikia wa Makeba kwenye redio mwaka aliofiwa na mumewe. Kila mmoja alikuwa akilinda chumba chake. Ukimwambia baba kwamba wa Makeba ni mzuri zaidi, yeye hakusikia habari za muziki. Alisikia unahamisha samani katika chumba alichomwona mama akiwa na miaka 19.

Ndiyo maana shabiki wa roki anaweza kuumia kweli kwa kava. Wimbo wa kwanza kumfikia umeshikamana na basi alilopanda, na rafiki aliyekuwa ameketi naye, na umri aliokuwa nao. Mwimbaji mpya hana habari na hayo yote. Anaingia na viatu.

Lakini angalieni yanayowapata watunzi wenyewe. Trent Reznor wa bendi ya Nine Inch Nails alitoa "Hurt" mwaka 1994, akiwa hajafika miaka 30, wimbo wa maumivu na majuto aliouandika katika upweke wake. Mwaka 2002 Johnny Cash, mzee wa muziki wa kantri, akiwa na miaka 70 na afya imemwacha, akauimba kwa gitaa na piano. Neno moja la matusi akalibadilisha. Reznor alipousikia mara ya kwanza haukumkaa vizuri. Ulikuwa kitu chake cha ndani, leo kiko kinywani mwa mtu mwingine. Kisha akaiona video: Cash amezeeka, jumba lake la makumbusho limechakaa, mkono unatetemeka, mkewe June Carter amesimama nyuma akimtazama. Machozi yakamlenga, na baadaye alieleza kwamba aliona wimbo ule si wake tena. Mwaka uliofuata, 2003, June alifariki mwezi Mei na Cash akamfuata Septemba. Maneno yaliyokuwa ya kijana yakawa wasia wa mzee, na hakuna hata moja lililolazimika kuongezwa.

Bob Dylan naye, yule aliyezomewa, alitoa "All Along the Watchtower" mwishoni mwa 1967, kimyakimya, na gitaa lake na kinanda cha mdomo. Mwaka uliofuata Jimi Hendrix akauwasha moto kwa gitaa la umeme. Dylan hakununa. Kwa miaka mingi baada ya kifo cha Hendrix amekuwa akiupiga jukwaani kwa namna iliyo karibu zaidi na ya Hendrix kuliko yake mwenyewe.

Na Paul Simon? Mwaka 2016 Draiman na wenzake waliuimba "The Sound of Silence" kwenye kipindi cha televisheni cha Conan O'Brien. Simon, yule aliyechukizwa na dramu za Wilson mwaka 1965, aliiona, akamwandikia Draiman barua pepe ya kumsifu. Nimewahi kumweleza jambo hilo mpenzi mmoja wa Simon na Garfunkel, mtu ninayemheshimu. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema: yeye ameutunga, lakini mimi ndiye niliyeishi nao. Sikumpinga. Nadhani alisema kweli, na Simon pia alifanya vyema, na sioni haja ya kumchagua mmoja.

Wimbo haujatulia bado. DJ mmoja wa Australia, Cyril, ameichukua sauti ya Draiman, akaiwekea mdundo wa dansi chini yake, na sasa unapigwa kwenye kumbi za starehe. Mnaona alichofanya? Ni kazi ileile ya Tom Wilson: kuchukua sauti iliyokwisha kuimbwa na kuitandikia mdundo ambao mwimbaji hakuusikia alipokuwa akiimba. Wapo vijana wa rika lenu ambao hiyo ndiyo iliyowafikia kwanza. Miaka thelathini ijayo mtu atakuja kuibadilisha, nao watainuka kitandani.

Mkipata nafasi, sikilizeni zote kwa mfuatano: ya gitaa kavu, ya Wilson, ya Draiman, ya Cyril. Msianze kwa kusoma watu wanasema nini. Zimeni taa kama alivyozima Simon.

Simon mwenyewe alifunga safari yake ya kuaga Septemba 2018, na onyesho la mwisho la safari hiyo aliliweka katika bustani kubwa ya Flushing Meadows, palepale Queens, si mbali na nyumba ya wazazi wake yenye lile bafu. Alikuwa na bendi kubwa usiku ule, wapiga tarumbeta, wapiga violini, dramu za kila aina. Ulipofika wimbo wa mwisho kabisa alibaki peke yake na gitaa kavu, miaka 76, mbele ya maelfu ya watu waliosimama gizani, akaimba "The Sound of Silence".