Steji Bila Kivuli

Bila shaka umewahi kushuka matatu hapo Kiminini, Kamukuywa au Misikhu saa kumi jioni ukakuta mbingu zimefunga. Kando yako kuna akina mama na vikapu vyao, pengine hata mgonjwa anayepelekwa hospitali, na hakuna hata gogo la kukalia! Mvua za kwetu huanza Machi au Aprili na hupenda kunyesha alasiri, wakati ule ule tunapofunga shule. Tunaloa chapachapa, vitabu na vyote.

Mwaka jana sisi wanachama tulitengeneza benchi. Ubao wake ulitoweka kabla ya mwezi kwisha, na asikwambie mtu, kosa lilikuwa letu. Hatukuongea na wenye steji. Wenye steji si wenye magari. Ni jamaa wa bodaboda na mama mboga, walio pale kutwa kucha. Mara ya pili tuliwaendea kwanza, nao wakatuonyesha mahali madereva husimama kweli, hatua kama thelathini kutoka pale tulipodhania. Benchi lililo mbali na gari ni la mbuzi.

Halafu kuna suala la ardhi. Barabara ya Kitale hadi Webuye ni barabara kuu, na ile ya Webuye hadi Bungoma vilevile. Kando zake husimamiwa na KeNHA, mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Barabara ya 2007. Ukijenga bila idhini, usishangae kukuta alama ya X nyekundu. Basi andika barua kwanza, mwalimu mkuu atie sahihi.

Kazi yenyewe si ngumu. Tafuta nguzo za mkaratusi, upake oili chafu sehemu itakayozikwa, maana mchwa wa huku hawana huruma. Chimba futi mbili, ng'ambo ya mtaro, ushindilie mawe na udongo. Kalio liwe futi moja na nusu kutoka chini, na mbao ziachane kidogo ili maji yapite. Misumari hung'olewa upesi. Tumia bolti, ukishakaza nati uponde ncha kwa nyundo. Mabati yateremke kwa nyuma, la sivyo maji yatamwagikia anayepanda gari.

Ukuta je? Simama pale siku mbili za mvua uone upepo unatoka wapi, uzibe upande huo tu. Mbele pawe wazi kabisa. Dereva asipokuona hasimami, na giza likiingia msichana gani ataketi ndani ya kibanda kilichofungwa pande zote? Hili wavulana wa chama hawakulifikiria mpaka wenzetu waliposema.

Benchi la pili lingali pale. Nguzo moja imeanza kulegea, na mama mboga ametutumia ujumbe twende na mawe kabla ya mvua ya Machi.